Kadi Moja, Nyumba Kumi

Baada ya Misa ya Jumapili iliyopita ndugu mmoja alitusubiri mlangoni akiwa na swali. Jirani yake amempitishia waya kutoka kwenye king'amuzi chake, naye huchangia nusu ya malipo ya kila mwezi. Akauliza: "Baba, hapo nimeivunja amri ya saba?" Hatukumjibu papo hapo. Tuliona afadhali tuanze na historia.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, na wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa na uwezo walisimamisha antena ndefu na kuzielekeza baharini. Hakuna aliyewaita wezi, kwa kuwa mawimbi yale yalirushwa wazi, kama mwanga wa taa ya barabarani. Vituo binafsi vya Bara vilipoanza mwaka 1994, navyo vilipatikana bure.

Mambo yalibadilika mwaka 1995, DStv ilipoanza kurusha matangazo ya kulipia barani Afrika kwa satelaiti. Hapo picha huvurugwa kabla ya kupelekwa angani, na ufunguo wa kuirudisha katika hali yake hubadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi iliyomo ndani ya king'amuzi ndiyo huupata ufunguo huo, ikiwa tu mwenye kadi amelipa. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyokataza hata uingizaji wa vifaa vya kuwasaidia wasiostahili kupokea matangazo yaliyofungwa.

Mtu wa Kariakoo hashindwi na kufuli. Tumesikia mengi katika maduka ya madishi: kadi za kughushi, waya zinazovuka kutoka ghorofa hadi ghorofa, na baadaye hila ya kuweka kadi moja halali kwenye mashine inayogawa funguo kwa watu wengi kupitia intaneti. Wapo pia wenye vibanda umiza, ambao hulipia kifurushi cha nyumbani kisha huwatoza vijana kiingilio siku ya mechi. Tusiwahukumu upesi, kwa kijana mbeba mizigo wa sokoni, benchi lile la mbao ndilo uwanja pekee wa mpira anaoumudu.

Je, makampuni huwagunduaje? Wengi huamini kwamba satelaiti "inawaona". Sivyo. Satelaiti husema tu, haisikii; ungo ulio juu ya paa haurudishi neno lolote angani. Ndiyo maana njia nyingine ni ya kushambulia bila kumjua mtu. Tarehe 21 Januari 2001, wiki moja kabla ya fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, kampuni ya DirecTV ya Marekani ilirusha amri iliyoziharibu kadi za kughushi kwa wingi katika usiku mmoja. Njia nyingine ni kuifunga kadi na king'amuzi kimoja, hata isifae penginepo. Tena kuna tarakimu zinazotokea ghafla kwenye kioo na kutoweka: hizo hutambulisha kadi iliyotoa picha. Mkaguzi akiziona katika matangazo yanayogawiwa kwa wizi, huzisoma na kadi huzimwa. Kwa baa na vibanda, mkaguzi huingia kwa miguu yake na kulinganisha namba ya king'amuzi na aina ya malipo. Waya wa jirani, basi, hauonekani kutoka angani. Huonekana kwa macho ya binadamu tu.

Wanaotumia waya wana hoja moja ambayo hatuwezi kuipuuza. Mwaka 2007 ilikuja GTV, ikiwa na haki ya sehemu kubwa ya mechi za ligi kuu ya Uingereza na bei nafuu. Tarehe 30 Januari 2009, siku ya Ijumaa, ikafunga shughuli zake ghafla. Jumapili yake Liverpool walicheza na Chelsea, na waliokuwa wamelipa kihalali walibaki na king'amuzi kisichong'amua chochote. Aliyeumia ni mwaminifu, na mwenye kadi ya kughushi hakupoteza kitu.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa chombo cha kila nyumba, na wauzaji wakaongezeka, Azam TV wakiwamo kuanzia mwaka 2013.

Tulimwomba yule ndugu alete mkataba wa jirani yake. Aliuleta Jumatano, karatasi imekunjwa mara nne. Tuliusoma pamoja ofisini, pole pole, maana uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ulisema huduma ni ya makazi ya mteja peke yake. Jirani alikuwa ameutia sahihi bila kuusoma.