Baiskeli Iliyoundwa Nyuma ya Nyumba

Mara nyingi twamwona fundi ameketi chini ya mti, na mbele yake pana gurudumu la baiskeli moja, usukani wa nyingine, na mnyororo wa ya tatu. Wapitao humcheka, wakidhani kwamba kazi yake ni kuunga viraka tu. Leo nitawaeleza habari za kijana mmoja wa Uingereza aliyeanza vivyo hivyo, nanyi mtapima wenyewe kama kazi hiyo yastahili kuchekwa.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini vipande mbalimbali huweza kupatana. Katika baiskeli za zamani, zile za gurudumu kubwa la mbele, makanyagio yalifungwa katika gurudumu lenyewe. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja. Basi mwenye kutaka mbio alihitaji gurudumu kubwa, na ukubwa wake ulipimwa kwa urefu wa miguu yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli iitwayo Rover, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Tangu hapo mbio zilitokana na hesabu ya meno yavutayo mnyororo, wala si urefu wa mguu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alipata hati ya mpira wa upepo. Umbo hilo jipya likaenea, na wenye viwanda wakawa wakiuza vipande vyake kimoja kimoja.

Wakati huo ndipo alipoinukia William Morris, aliyezaliwa mwaka 1877. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alifanya kazi kwa fundi mmoja wa baiskeli. Akaomba aongezwe mshahara, akakataliwa. Basi akaondoka, akaanza kazi yake mwenyewe katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake huko Oxford, kwa mtaji wa pauni 4. Upesi akapata mteja, kasisi mwenye umbo kubwa, aliyehitaji baiskeli ya kadiri yake. Morris akanunua vipande, akamwundia.

Msidhani kwamba kazi hiyo ni kukaza parafujo tu. Fremu lazima ilingane na kimo cha mpandaji. Spoki zataka kukazwa kwa usawa, ama sivyo gurudumu litayumba. Gololi zikibanwa mno husagika, na zikilegea magurudumu hucheza. Meno ya mbele na ya nyuma lazima yawe katika mstari mmoja, ndipo mnyororo usichomoke. Kwa hivi fundi hanunui kipande kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu chapatana na vinzake.

Morris aliendelea, lakini njia yake haikuwa nyeupe. Aliingia katika ubia, na mwaka 1904 ubia huo ukavunjika. Akatoka na vyombo vyake vya kazi pamoja na deni la pauni 50. Hakukata tamaa. Mwaka 1913 alitoa motokaa yake ya kwanza, naye aliiunda kwa maarifa yale yale ya kibandani: injini ilitoka kwa kiwanda kimoja, ekseli kwa kingine, bodi kwa kingine, naye akaviunganisha. Baadaye akapewa cheo, akaitwa Lord Nuffield, na kabla ya kufariki mwaka 1963 alikuwa ametoa mamilioni ya pauni kwa ajili ya elimu na matibabu.

Si kila fundi atakayekuwa tajiri kama yeye. Lakini ajuaye kuchagua, kupima na kupatanisha ana elimu, hata kama karakana yake ni kivuli cha mwembe. Mtakapompita tena, simameni kidogo mtazame mikono yake.