Gurudumu likigoma angani

Wadau, wikiendi hii nilikuwa Same kwa mjomba. Ninyi mnaopita tu na basi la Arusha mnaijua Same kwa upepo na vumbi. Mimi napenda jioni zake. Milima ya Upare inabadilika rangi nyuma yako, na mbele, juu ya nyika, unaiona ndege ya kutoka Dar ikielekea KIA, ndogo kama sindano.

Mjomba ameendesha lori miaka mingi, akishusha tangawizi kutoka Mamba Miamba. Akaitazama ile ndege, akaniuliza: "Wewe mwandishi, hebu niambie. Mimi lori likinisumbua naweka jiwe chini ya tairi. Huyo magurudumu yakigoma kutoka tumboni, anafanyaje?"

Basi nikajikuta namsimulia hadi chai ikapoa.

Kwanza, rubani ana kitu ambacho mjomba kwenye kona za milimani hana: muda. Ndege ambayo magurudumu yamegoma inaruka vizuri tu, shida yake ni kutua. Kwa hiyo hawakimbilii chini. Rubani mmoja anaendelea kuendesha, mwenzake anafungua kitabu cha hatua za dharura na kusoma mstari kwa mstari. Ndege inapelekwa pembeni izunguke. Yakigoma kabisa kuna njia ya akiba: vifungo vinaachiwa, na katika ndege nyingi magurudumu yanaanguka kwa uzito wake yenyewe. Wanaweza kupita karibu na mnara ili watu wa chini watazame kwa macho. Mafuta yanachomwa yapungue, zimamoto wanajipanga, wahudumu wanawafundisha abiria namna ya kuinama.

Ardhini muda huo haupo. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways, shirika lililokuwa letu pamoja na Kenya na Uganda, ilikuwa inakimbia kuruka Addis Ababa, safari ya Nairobi kwenda London. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani na ndege nyingine, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama. Breki hazikushika inavyopasa, kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa imefungwa vibaya na mafundi. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Yote hayo yaliisha kabla mtu hajafungua kitabu chochote.

Sasa mtasema, basi angani ni salama, muda upo. Hapo ndipo historia inapochekesha kwa uchungu, maana muda huohuo umeua.

Desemba 29, 1972, ndege ya Eastern Airlines ilikuwa inakaribia Miami, na taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Chumba kizima cha marubani kikahangaika na taa. Mtambo wa kushikilia kimo ukaachia bila wao kugundua, ndege ikateremka taratibu gizani hadi kwenye kinamasi. Watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri kabisa! Kilichoungua ni balbu.

Miaka sita baadaye, Desemba 28, 1978, ikawa zamu ya DC-8 ya United huko Portland. Magurudumu yalishuka kwa kishindo na taa moja haikuonyesha salama. Kapteni akazunguka karibu saa nzima, akikagua na kuwaandalia abiria kutua kwa shida. Mwenzake na mhandisi walikuwa wanaona mafuta yanaisha. Walidokeza. Hawakupiga meza. Injini zikazima moja baada ya nyingine na ndege ikaanguka kwenye kitongoji cha mji. Walikufa 10 kati ya 189, na haikuwaka moto kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Ajali hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi ya urubani. Kuanzia 1981 United wakaanza kuwafundisha makapteni kusikiliza na wadogo kusema waziwazi, na mafunzo hayo yakaenea duniani. Binafsi naona hilo ni gumu kuliko kuunda injini. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunajua ilivyo kazi kumwambia mkubwa, "Mzee, unakosea."

Matunda yake yapo. Novemba 1, 2011, Boeing 767 ya LOT kutoka Marekani ilifika Warsaw magurudumu yamegoma, na hata njia ya akiba ikagoma. Wakazunguka, ndege za jeshi zikaja kutazama tumbo, kisha kapteni Tadeusz Wrona akalaza ndege kwa tumbo. Watu 231, wote wazima. Baadaye ikaonekana swichi ndogo ya usalama wa umeme ilikuwa imeruka bila mtu kuiona. Jirani hapa Kenya, Oktoba 28, 2019, Dash 8 ya Silverstone Air iliruka Lodwar ikapoteza gurudumu moja la nyuma, ikaenda kutua Eldoret salama.

Mjomba alisikiliza kimya hadi pale pa mafuta ya Portland. Akasema naye aliwahi kuwa na utingo, kijana mdogo, ambaye siku moja alisikia harufu ya breki kuungua tangu juu mlimani na hakusema neno mpaka walipofika tambarare, magurudumu yakifuka moshi.

"Ukamfanya nini?" nikamuuliza.

"Nilimgombeza sana. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile, tunapakia, ni mimi niliyemwambia afunge mdomo."