Swali la Kijana wa Magamba

Walimu wenzangu mnaofundisha vijana elimu ya sayansi, nataka kuwasimulia habari ya maziwa yaliyogandishwa huko Magamba, katika milima ya Usambara. Wengi wameisikia, lakini kwa kipande tu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, nchi ya Tanganyika. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja vyombo vilikuwa vichache. Kijana mmoja akaweka maziwa yake pasipo kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa chombo cha mwisho, akaweka yake yangali ya moto, ingawa alijua aweza kuliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu wakafungua, na tazama, ya Mpemba yamekwisha kuganda, na ya mwenzake bado ni kama uji.

Akamwuliza mwalimu wake sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kuwa. Kijana akanyamaza. Walakini wakati wa likizo alipata habari kwa wauza aiskrimu wa mji wa Tanga, ya kuwa wao huweka maziwa ya moto, maana huganda upesi. Watu wale hawakuwa na kitabu cha fizikia. Walikuwa na wateja.

Baadaye akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Huko akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima likamcheka kwa maneno hayo.

Sitaki kumdharau mwalimu yule. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani kitu cha moto hakina budi kupita kwanza pale kitu cha vuguvugu kilipoanzia. Kosa lake ni kwamba hakwenda jokofuni. Nasi tunaoshika chaki twajua jinsi ilivyo rahisi kumnyamazisha mtoto, kengele inapokaribia kulia.

Hata siku moja Daktari Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawasawa, yakiwekwa pamoja kugandishwa, mbona ya moto hutangulia? Wenzake wakamcheka. Mgeni akamwuliza kama ameyajaribu kweli, akajibu ndiyo. Basi akakiri ya kuwa hajui, akaahidi kuyajaribu mwenyewe. Alipofika Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara, naye akaleta habari kwamba ya moto yametangulia kweli, ila watarudia mpaka wapate jibu lililo sahihi!

Mwaka 1969 habari zao zikapigwa chapa katika gazeti la walimu wa fizikia la Uingereza, jina la Mpemba likitangulia. Sababu yenyewe wataalamu wangali wakibishana. Wengine hutaja mvuke unaopotea, wengine mzunguko wa maji chomboni. Na mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walikana kwamba jambo lenyewe lipo. Lakini hawakulikana mpaka walipokwisha kupima maji yao wenyewe.