Uonaji wa binadamu na jamii ya nyani, Serengeti

Binadamu, nyani, tumbili na mbega wa misitu ya Mto Grumeti wana retina zenye aina 3 za seli za koni. Ndiyo maana wote hutofautisha tunda bivu jekundu na majani mabichi, jambo linalomshinda ng'ombe wa Tarime mwenye aina 2. Tumbili dume aliyekomaa ana korodani za buluu kali, rangi ambayo wenzake huiona vizuri. Tofauti kubwa zaidi ni kati ya hao wote na komba, jamaa yao wa usiku. Komba ana aina 1 tu ya koni inayofanya kazi, lakini nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga. Akimulikwa tochi, macho yake humeremeta. Binadamu hana utando huo, hivyo gizani komba humzidi kwa mbali.