Simu ya Jumamosi Mjini Akron

Miaka michache iliyopita baba mmoja wa usharika wetu alikuja ofisini asubuhi na mapema, macho mekundu, mikono ikitetemeka. Aliuliza swali moja tu: "Mchungaji, nimesikia wapo watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Wanakutana wapi?" Hatukujua. Tulimsomea Neno, tukamwombea, tena tukamkumbusha kwamba akiendelea hivyo atazuiwa Meza ya Bwana. Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Hakurudi. Tangu hapo tumesoma habari za watu hao wanaokutana, na tumeona kwamba historia yao ilianza na swali kama lake, nalo liliulizwa kwa mchungaji.

Ilikuwa Mei 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mji wa viwanda vya matairi. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa amekwenda huko kupigania uongozi wa kampuni moja, akashindwa. Alikuwa hajaonja pombe tangu Desemba, baada ya miaka ya kulazwa hospitali na kutoka. Jumamosi alisimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, fedha karibu zimemwishia. Upande mmoja ilikuwapo baa, na vicheko vilisikika. Upande wa pili ilikuwapo simu na orodha ya makanisa ya mji. Alijua kwamba akibaki peke yake atakunywa. Alimhitaji mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaiendea simu.

Aliyempigia ni Walter Tunks, mchungaji wa Kanisa la Kiepiskopali, ndugu wa Waanglikana wetu. Hebu fikirini: ni Jumamosi, tunahangaika na mahubiri ya kesho, mgeni anapiga simu anasema yeye ni mlevi aliyeacha na anamtafuta mlevi mwingine. Wengi wetu tungedhani amelewa. Tunks hakukata simu. Alimpa majina ya watu wa kuwauliza, jina moja likazaa jingine, mpaka Wilson akampata mama Henrietta Seiberling. Mama huyu na wenzake walikuwa wakimwombea daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekwisha kukiri mbele yao kwamba anakunywa kwa siri.

Siku ile daktari hakuweza kuja kwa sababu alikuwa amelewa. Alikuja Jumapili saa kumi na moja jioni, kwa sharti la kukaa dakika 15 tu. Waliagana baada ya saa tano usiku. Wengi walikwisha kumwonya daktari huyu. Wilson alikuwa wa kwanza kumweleza ulevi kama mtu aliyeupitia. Na Wilson naye alikuwa amewahubiria walevi wa New York kwa miezi mitano, asipate hata mmoja wa kuacha. Safari hii hakuja kuhubiri. Alikuja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kuanguka. Daktari alirudia pombe mara moja tena, kisha akaacha moja kwa moja. Siku wanayoitaja kuwa ya mwisho kwake kunywa ni tarehe 10 Juni 1935, nayo ndiyo wanayoihesabu kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina.

Sisi Walutheri tumo katika habari hii kuliko tunavyodhani. Mikutano ya kwanza ya Akron ilifanyika nyumbani kwa watu, ndani ya ushirika ulioitwa Oxford Group. Mwanzilishi wake, Frank Buchman, alikuwa mchungaji wa Kilutheri kutoka Pennsylvania. Aligombana na kamati ya nyumba ya vijana aliyoiongoza Philadelphia, akajiuzulu kwa uchungu. Mwaka 1908, katika kanisa dogo huko Uingereza, moyo wake ulivunjika, akawaandikia wajumbe sita wa kamati ile kuwaomba msamaha. Kuungama na kutengeneza ulichoharibu kukawa desturi ya ushirika wake, na kutoka hapo kukaingia katika hatua 12 za walevi. Watu wa Akron waliupenda pia Waraka wa Yakobo, unaotuagiza katika sura ya 5 tuungamiane dhambi. Ndio ule Luther aliouita waraka wa majani makavu. Lakini Luther alitengenezewa bia nyumbani na mkewe Katharina, kwa hiyo katika jambo hili tusimuulize sana.

Mwaka 1939 walitoa kitabu chao, na ndani yake wanamtaja Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu. Hilo linatutatiza, hatufichi, maana sisi tunamhubiri Kristo kwa jina. Hata hivyo tunaona ni nani walioingia kwa mlango huo mpana. Leo Zanzibar, katika nyumba za upataji nafuu, vijana Waislamu hutumia hatua hizohizo 12.

Daktari Smith alifariki Novemba 1950. Aliyeongoza ibada ya maziko yake ni Tunks yuleyule.

Ndani ya jalada la daftari la ofisi yetu sasa tumeandika siku, saa na mahali pa mikutano iliyo karibu, pamoja na namba ya mtu aliye tayari kumsindikiza mgeni mara ya kwanza. Chumba cha Shule ya Jumapili tumewaachia Alhamisi jioni. Wazee wa kanisa walisita, wakihofu itasemwa tumefungua kilabu. Sisi hatuingii, wala hatuulizi nani alikuja. Kama yule baba amewahi kufika, hatujui.