Lenzi ya kamera inapokwama: hatua za kuchukua kabla ya kumwendea fundi

Kamera ndogo ya dijitali inapowashwa, lenzi hutoka nje na kusimama tayari kwa kazi. Ikipata hitilafu, husikika mkwaruzo wa gia, lenzi hubaki nusu nje nusu ndani, na kwenye skrini hutokea maneno, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza kulingana na lugha iliyochaguliwa, yanayoarifu kuwa lenzi ina kasoro na kamera iwashwe upya. Baada ya hapo kamera hujizima. Katika kamera za Canon PowerShot na IXUS za miaka ya mwanzo ya 2000, ujumbe wenyewe ulikuwa herufi moja na tarakimu mbili tu: E18.

Kwa mpigapicha wa Buyenzi au Bwiza anayeishi kwa picha za harusi na za vitambulisho, ujumbe huo husomeka kama tangazo la msiba. Mara nyingi sivyo ulivyo. Ndani ya kamera mna kompyuta ndogo inayopima kama lenzi imefika mahali pake kwa muda uliopangwa. Isipofika, kompyuta hiyo husimamisha mota ili isiungue, na ili meno ya gia, ambayo kwa kawaida ni ya plastiki, yasikatike. Uharibifu mkubwa hutokea baadaye, mwenye kamera anapoiwasha na kuizima mara ishirini mfululizo, au anapoivuta lenzi kwa vidole.

La kuokolewa kwanza ni picha. Zimehifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ambayo haina uhusiano wowote na lenzi. Kamera izimwe, kadi itolewe, na picha zinakiliwe kwenye kompyuta kabla ya jaribio lolote. Harusi hairudiwi kwa ajili ya mpigapicha. Asiye na kompyuta karibu anaweza kujaribu kuiwasha kamera kwa kitufe cha kutazamia picha, kile chenye alama ya pembetatu. Katika aina nyingi kitufe hicho hufungua picha bila kuitoa lenzi.

Mjini Bujumbura, mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, upepo hulitimua vumbi la bonde la Rusizi na la barabara zisizo na lami, na fukwe za Ziwa Tanganyika, ambako watu hupenda kupigwa picha siku za mapumziko, zina mchanga laini. Chembe moja ikiingia kati ya mapete ya lenzi yatosha kuikwamisha. Mshukiwa wa pili ni betri. Kuisukuma lenzi nje hula umeme mwingi, na betri iliyochakaa, au iliyochajiwa nusu kwa sababu umeme ulikatika usiku, huweza kuishiwa nguvu lenzi ikiwa njiani. Tena zipo kamera zinazowashwa kwa bahati mbaya ndani ya mkoba, lenzi ikasukuma kitambaa na kupinda. Kuanguka hakuhitaji maelezo.

Kwa hiyo matengenezo huanza na betri. Itolewe, kamera ipumzishwe kwa dakika kadhaa, kisha irudishwe ikiwa imejaa kabisa. Kamera ikiendelea kukataa, mzunguko wa lenzi upulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, kama ile ya kumvutia mtoto mchanga kamasi, mradi iwe mpya na kavu. Kupuliza kwa mdomo huingiza mate. Halafu kamera iwashwe lenzi ikielekea chini, ili uzito wake wenyewe uisaidie kutoka na mchanga uanguke badala ya kuzama ndani. Majaribio mawili au matatu yatosha.

Mafuta ya cherehani, ambayo wengine huyasifu, yasitumike hata tone moja: hunata na vumbi na hutambaa hadi kwenye vioo. Wala mtu asiyejua asiifungue kamera kwa bisibisi. Taa ya flashi ina kifaa kinachohifadhi umeme wa yapata volti 300, na umeme huo huweza kubaki hata baada ya betri kutolewa. Pigo lake huumiza.

Kamera kubwa za kubadilisha lenzi zina magonjwa mengine. Katika Canon EOS, ujumbe wa Err 01 humaanisha kuwa mawasiliano kati ya lenzi na kamera yamekatika. Aghalabu vile vidoti vya chuma nyuma ya lenzi vimechafuka, na kitambaa safi kikavu huvirudisha kazini. Katika Nikon, herufi fEE huonyesha kuwa pete ya tarakimu kwenye lenzi ya zamani haijazungushwa hadi tarakimu kubwa kuliko zote. Hapo hakuna kilichoharibika, ingawa wapo waliokwisha kulipia matengenezo yake.

Ukungu ndani ya lenzi nao haupaswi kuhesabiwa kuwa hitilafu. Anayeshuka kutoka Bugarama, kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000, hadi pwani ya ziwa isiyofika mita 800, huleta lenzi baridi katika hewa ya joto na unyevu. Kamera ibaki imefungwa ndani ya mfuko wake hadi ipate joto la mahali.

Ikiwa hayo yote yameshindikana, ni zamu ya fundi. Kadi ibaki kwa mwenyewe, kwani picha za familia za watu si sehemu ya matengenezo. Bei iulizwe kabla kamera haijafunguliwa: lenzi ya kamera ndogo kwa kawaida hubadilishwa nzima, na kipuri hicho huweza kugharimu kuliko kamera nyingine iliyotumika. Kamera iliyoingia maji ya ziwa ipelekwe siku hiyohiyo, betri ikiwa imetolewa, na isijaribiwe kuwashwa njiani.