Chanjo ya Mbwa Kando ya Serengeti: Tulikotoka na Ratiba Inayotufaa

Leo tunazungumza juu ya mbwa. Najua wapo watakaocheka kidogo, maana hapa Simiyu ukitaja mifugo watu hufikiria ng'ombe, mbuzi na kondoo. Lakini ni nani anayelala nje fisi anapozunguka zizi? Ni nani anayefuatana na watoto machungani? Basi naye tumpe nafasi katika kipindi chetu.

Wafugaji wengi wa Bariadi, Itilima na Meatu huuliza hivi: mbwa wangu nimchanje lini, na mara ngapi? Jibu fupi ni kila mwaka, na watoto wa mbwa wasiachwe. Lakini mtu mwenye pamba shambani haachi kazi yake kwa sababu ya jibu fupi. Anataka kujua sababu. Sababu zenyewe zimo katika historia, tena nyingine ni historia ya hapa hapa kwetu.

Tuanze na sotoka, maana wazee walituachia habari zake. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi. Nyumbu hawakudungwa sindano hata mmoja, lakini nao walipona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,000,000. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Hilo ni somo la kwanza: ukimkinga mnyama anayeubeba ugonjwa, unawakinga na wengine ambao hukuwagusa.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtaalamu wa Ufaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Mtoto akapona. Kabla ya hapo mtu akishapatwa na dalili za kichaa alikuwa wa kufa tu, na mpaka leo ndivyo ilivyo: dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo chanjo ya mtu ni ya kuwahi. Tena ni ghali kuliko ya mbwa mara nyingi, na hospitali yaweza kuwa mbali na kijiji. Mataifa mengine yaliona mapema kwamba kumtibu mtu baada ya kuumwa ni kukimbilia mlango wa zizi wakati ng'ombe wameshatoka. Japani ilitunga sheria mwaka 1950 kwamba kila mbwa aandikishwe na achanjwe. Mwaka 1957, yaani miaka 7 tu baadaye, ugonjwa ulikuwa umekwisha huko.

Utaniuliza: hiyo ni Japani, je, sisi wenye mbwa wasiofungwa minyororo? Jibu liko kwa jirani zetu. Katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, kampeni za kuchanja mbwa wa vijijini zilianza mwaka 1996. Kila kampeni ilichanja mbwa kati ya 60 na 74 katika kila 100. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili kilikuwa kimepungua kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa wenye kichaa nao wakapungua. Mbwa wenyewe walikuwa kama hawa wa kwetu, wanaozurura watakavyo. Wengi waliletwa na watoto, wakivutwa kwa kamba hadi pale sindano ilipo.

Ilifaulu kwa nini, na mbwa wote hawakuchanjwa? Wataalamu walipofuatilia kuumwa kumoja kumoja waliona kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo zaidi. Hawi kama surua, ambayo mtoto mmoja huipeleka darasa zima. Mbwa 70 katika 100 wakiwa na kinga, mwenye kichaa huuma waliokwisha kingwa, na ugonjwa hukosa pa kwenda.

Na kuna habari ya simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Walikufa kama 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa hapo. Ugonjwa ulikuwa distempa, ule unaomshika mbwa kwa homa, makamasi na kikohozi, kisha mwili kumcheza. Mbwa wa vijijini walishukiwa kuwa ndio chanzo. Miaka ya 2000 chanjo ikapelekwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na vya Bariadi na Meatu vikiwamo. Mbwa walikingwa dhidi ya kichaa, distempa na parvo, ambayo humharisha mbwa damu na kuua watoto wa mbwa upesi. Tuseme kweli: distempa ilipungua kwa mbwa, lakini kwa simba haikuisha, kwa kuwa wanyama wengine wa porini nao huibeba. Kichaa ni tofauti. Huku kwetu mwenye nyumba wa kichaa ni mbwa wa kufugwa. Ukikizima kwa mbwa, umekizima.

Lakini kukizima mara moja hakutoshi, na hapa ndipo ratiba inapoingia. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na mwaka huu mmechanja 70. Mnafikiri mwakani watabaki 70 wenye kinga? Hata kidogo. Wengine watauawa na fisi, wengine na magari, wengine na njaa na maradhi. Tuseme wamekufa 25. Wamebaki 45. Nafasi za waliokufa zimejazwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Mkiruka mwaka mmoja zaidi, kijiji kimerudi pale pale. Unapochanja kila mwaka, pamoja na kumwongezea kinga mbwa wa zamani, unawafuata waliozaliwa.

Ndugu zetu wa Pemba wameliona hilo. Kampeni zilifanya kichaa kitoweke kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukaletwa tena kutoka nje, ukakuta mbwa wasio na kinga, ukaenea. Ilibidi kuchanja upya, na mwaka 2018 kisiwa kikasafika tena. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sembuse Bariadi, ambako mbwa hufuata ng'ombe mnadani?

Basi ratiba yenyewe ni hii. Chanjo ya kichaa: mbwa mdogo achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Gari la chanjo likija kijijini na ana wiki chache tu, mpeleke hivyo hivyo, usimwache nyumbani. Ila arudiwe akifikisha miezi 3. Chanjo ya distempa na parvo, kwa mwenye uwezo wa kuipata: huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha baada ya mwaka. Kama fedha ni chache, anza na ya kichaa, maana ndiyo inayolinda watu wako. Ukisikia mtu anasema mbwa aliyechanjwa hupoteza ukali, usimsikilize. Sindano haigusi ulinzi wake. Kumbuka tu kwamba kinga huchukua wiki kadhaa kukomaa. Kwa hiyo usingoje kusikia kuna mbwa mwenye kichaa kijiji cha pili ndipo utafute chanjo.

Wengine husema, "Gari halijaja." Ni malalamiko ya haki. Zamani ilidhaniwa chanjo haiwezi kutoka kwenye barafu hata kidogo. Siku hizi imethibitishwa kwamba aina fulani ya chanjo ya kichaa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 3 kwenye nyuzi joto 30, na mkoani Mara vimejaribiwa vyombo vya kuipoza visivyotumia umeme, vilivyotengenezwa hapa nchini. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuomba chanjo ikae karibu, watoto wa mbwa wachanjwe wanapozaliwa, badala ya kungoja siku moja kwa mwaka. Lisemeni hilo katika mkutano wa kijiji, na afisa mifugo awepo.

Na mtu akiumwa leo? Osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msifunge kwa dawa za majani mkangoja. Mbwa, kama anashikika bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10. Lakini mgonjwa asingojeshwe siku hizo.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Kwetu lengo hilo huanza kwa kuhesabu. Kesho asubuhi hesabu mbwa wako na watoto wao, andika nani amechanjwa na mwezi gani, na kadi uitunze pamoja na zile za kliniki za watoto wako.